Mabakuli Mawili na Nusu ya Supu

Siku kiwanda cha karatasi cha Murtosalmi kilipofungwa, kila mwanamume alifanya la kwake. Wengine walilia, wengine walilewa, na yupo mmoja aliyefanya yote mawili, nisimtaje kwa kuwa ni binamu yangu. Sulevi Hyttinen alilichukua daftari la zamu la chumba cha boila akaandika: "Saa nane kamili mchana. Moto umezimwa. Presha sifuri. Hakuna la kuripoti." Akatia saini, akairudisha kalamu kwenye msumari wake, akapanda baiskeli akaenda nyumbani.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza mbele ya boila ile. Boila haina mchezo na mwongo. Ukiandika presha sita nayo ni nane, ipo siku paa litaruka na wewe ukiwa chini yake. Kwa hiyo Sulevi alijizoeza kuandika alichokiona, saa alipokiona, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka tabia ikamwingia mifupani. Sisi watu wa huku tunajisifu kwa ukweli. Ukiangusha pochi utaikuta imetundikwa kwenye tawi la mti ulio karibu, na noti zako zote ndani. Lakini Sulevi alituzidi sote. Mwaka mmoja alipiga simu polisi kujishtaki kwamba ameendesha baiskeli gizani bila taa. Polisi akamwambia sawa, amekusikia. Sulevi akamuuliza faini yake atailipia wapi.

Mtu wa namna hii usimpe fomu.

Sasa, kila anayeachishwa kazi hupata posho kutoka mfuko wa chama cha wafanyakazi, na sharti lake kubwa ni moja: uwe tayari kwa kazi. Kazi ikitokea leo, uende leo. Kila baada ya wiki nne unajaza fomu, na kila siku inatiwa alama: sikuwa na kazi, nilifanya kazi, nilikuwa mgonjwa, sikupatikana kwa sababu nyingine. Mtu mwenye akili zake hutia alama ya kwanza mara ishirini na nane, akajinywea kahawa. Chini kabisa kuna nafasi ya maelezo ya ziada, ambayo nadhani waliiweka kwa ajili ya urembo tu.

Sulevi aliijaza nafasi hiyo mpaka kompyuta ikakataa kupokea herufi zaidi. Yaliyobaki akayaandika kwa mkono, kurasa tatu, akayatia kwenye bahasha.

"Unaandika nini muda wote huo?" akauliza mkewe, Tellervo, ambaye siku tatu kwa wiki alifanya kazi maktaba na aliwahi kuona watu wakiandika vitabu kwa muda mfupi zaidi.

"Siku zangu."

"Siku zako si hazina kitu, mzee? Tia alama uje ule."

"Jumamosi ya tarehe kumi na nne haikuwa tupu. Tulikuwa sauna, tukioga mvuke."

Tellervo akaweka kijiko chini. "Umeandika sauna?"

"Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja kasorobo. Simu ilikuwa nje kwenye benchi. Sikupatikana."

"Sulevi. Nchi nzima ilikuwa sauna saa hiyo. Hata huyo atakayeisoma fomu yako alikuwa sauna."

"Basi na yeye hakupatikana," akasema Sulevi, akalamba bahasha akaifunga.

Kama angeishia hapo pengine mambo yangepita. Lakini ndani ya bahasha mlikuwa na jambo jingine, zito kuliko sauna. Mwezi ule kijiji kilikuwa na msaragambo wa kuezeka upya ukumbi wa ngoma. Msaragambo kwetu ni mila ya tangu na tangu: neno linapita, watu wanafika na nyundo zao, wanafanya kazi bure mpaka jua lichoke, na malipo ni supu ya njegere na kahawa. Hakuna anayeuliza nani ni nani. Anayekuja anakula, asiyekuja anasengenywa. Sulevi alikuwa juu ya paa siku mbili. Akaandika: "Tarehe ishirini na tarehe ishirini na moja, kupigilia mabati, muda wa saa sita kila siku. Malipo: supu ya njegere, mabakuli mawili, na mkate mtamu mmoja wenye iliki."

Jibu la mfuko lilichukua siku tisa. Lilikuwa la adabu sana, na hapo ndipo Tellervo alipojua kuna hatari. Waliandika kwamba wamepokea maelezo ya Bwana Hyttinen, kwamba inaonekana amefanya kazi kwa malipo ya chakula, kwamba haieleweki kama siku hizo alikuwa tayari kwa kazi ya kutwa nzima, na kwamba wakati jambo linachunguzwa na ofisi ya ajira, posho imesimamishwa. Walitaka pia kujua mwajiri ni nani na chakula hicho kilitolewa na nani.

Tellervo aliisoma mara mbili. Supu ile aliipika yeye.

"Umeniandika mimi kuwa mwajiri wako?"

"Sikuandika mwajiri. Niliandika supu."

"Miaka thelathini na mitatu nakupikia supu, leo imekuwa mshahara! Basi nakudai, maana ni zamu ngapi hizo hujafanya!" Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka, kwa sababu aliijua hesabu ya nyumba. Bila posho, kwa siku zake tatu za maktaba, nyumba yao ya kando ya ziwa isingewavusha majira ya baridi. Wangeiuza, wahamie mjini kwa binti yao, ghorofa ya tano, mahali ambapo sauna ni ya umeme, iko chini ya jengo, na mnaoga kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni, Ijumaa saa kumi na mbili hadi saa moja, mkichelewa mnagongewa. Sulevi hakutaka hata kuliwaza jambo hilo.

"Waandikie umekosea," akasema Tellervo. "Waambie uzee."

"Sikukosea."

"Najua hukukosea! Ndiyo maana nakwambia uwaambie umekosea!"

Sulevi akatoka kwenda kupasua kuni, kama wafanyavyo wanaume wa kwetu wanaposhindwa na maneno.

Barua ya pili haikuja kwake. Ilikwenda kwa chama cha kijiji, yaani kwa mwenyekiti wake, Taisto Riekkinen, mtu mnene mwenye sauti kubwa aliyekuwa na funguo za ukumbi na kuamini kwamba amezaliwa nazo. Alifika kwa Sulevi na pikipiki yake ndogo, barua ikipepea mkononi.

"Sulevi! Toka nje!"

"Niko nje," akasema Sulevi, hatua tatu kutoka kwake, shoka mkononi.

"Bwana we, umetufanyia nini? Wanauliza kama chama kina wafanyakazi! Wanauliza supu ina thamani gani! Nimekuwa mwenyekiti miaka kumi na saba, sijawahi kuulizwa thamani ya supu!"

"Waambie."

"Niwaambie nini? Unajua juu ya lile paa mlikuwa watu wangapi wa kiwanda? Kumi na mmoja! Wote wanapokea posho, wote wamekunywa supu, na wote wametia alama zao wakanyamaza kama watu waliolelewa. Sasa hawalali. Wengine wamesema msaragambo ujao hawaji ukiwepo wewe."

Hilo lilimuuma Sulevi kuliko barua. Aliegemeza shoka kwenye gogo. "Mimi sikuandika majina yao," akasema. "Kila mtu ana daftari lake."

"Sasa mimi nijibu nini?"

"Ukweli."

Taisto akapandwa na hasira, akapanda na pikipiki. Alikwenda nyumbani akajibu barua, na hapa lazima niseme kitu kuhusu watu wetu. Mtu angetegemea mwenyekiti mwenye kiwanda kizima cha watu wa kuwalinda aandike kwamba hajui, hakuona, alikuwa anaumwa na jino. Taisto aliandika kwamba hakuna aliyelipwa, ni mila. Vizuri kabisa. Angeishia hapo. Lakini kalamu ilipokuwa mkononi dhamiri ikamkaba, akaongeza mstari: "Kwa usahihi wa kumbukumbu, Hyttinen alikunywa mabakuli matatu, si mawili. Nilikuwa nimekaa mkabala naye."

Kwa hiyo jalada lilipofika ofisi ya ajira lilikuwa na jambo jipya: mkinzano wa ushahidi kuhusu supu.

Ofisi ilimpangia Sulevi simu siku ya Jumatano, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Wakati huo ilikuwa imepita miezi mitano tangu kiwanda kifungwe, ziwa limeanza kushika barafu pembeni. Sulevi alivaa shati safi, akanyoa ndevu, akakaa mezani saa mbili na nusu, simu mbele yake na kijitabu kando. Tellervo hakuwa na kazi siku hiyo. Akajipa shughuli ya kukanda unga wa mkate, maana ukimkalia mtu bure utamtia wasiwasi.

"Wakikuuliza, jibu kwa kifupi," akamwambia. "Ndiyo na hapana. Hayo mengine yameze."

"Nitajibu wanachouliza."

"Ndilo ninaloliogopa."

Simu ililia saa sita kasoro dakika nne. Sulevi akabonyeza pasipostahili, spika ikafunguka, na sauti ya mwanamke ikajaa jiko zima.

"Bwana Hyttinen? Naitwa Kaisu Ahvenainen, wa ofisi ya ajira. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nina maelezo yako hapa. Nimeyasoma yote, hata yale ya kwenye bahasha." Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Nipo kazini mwaka wa tisa, Bwana Hyttinen. Haya sijawahi kuyaona."

"Kuna mahali hapasomeki?"

"Panasomeka vizuri mno. Tuanze na paa. Nataka unisaidie nikusaidie, sawa? Uko juu ya paa. Simu inalia, kuna kazi, wanakutaka. Unashuka?"

Tellervo akaacha kukanda. Akatikisa kichwa kwa nguvu juu chini: ndiyo, sema ndiyo.

Sulevi akafikiri. "Inategemea bati," akasema.

"Inategemea nini?"

"Bati. Kama limepigiliwa upande mmoja, upepo utalichukua. Lazima nipige upande wa pili kwanza. Dakika ishirini."

"Kwa hiyo niandike: mara moja."

"Andika dakika ishirini."

Kule upande wa pili wakasikia mtu akivuta pumzi. Tellervo aliubamiza unga mezani kama ni uso wa mtu anayemfahamu.

"Dakika ishirini," akasema Kaisu Ahvenainen, na vidole vyake vikasikika vikiandika. "Haya, sauna. Tarehe kumi na nne. Simu ilikuwa nje. Je, ungeisikia ikilia?"

"Nisingeisikia."

"Pengine kwa mbali? Ukuta wa mbao, si ndiyo? Ungeweza kuisikia na ukatoka."

"Hata ningeisikia nisingetoka. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemwagia mawe maji."

Vidole vya afisa vikaacha kuandika, kama vya mtu aliyejiona mwenyewe juu ya benchi la mbao, mvuke ndio unapanda.

"Hapo hata mimi nisingetoka," akasema polepole. Halafu haraka: "Hilo usiliandike."

"Nimeshaandika."

Tellervo akajifunika uso kwa mikono yenye unga.

"Supu," akasema afisa, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Wewe unasema mabakuli mawili. Mwenyekiti anasema matatu. Ninalazimika kuuliza."

"Taisto amesema kweli. Na mimi nimesema kweli. Nilipewa la tatu, sikulimaliza. Ni mawili na nusu. Nilikosea kutoliandika lile nusu, na naomba lirekebishwe."

"Kwa nini hukulimaliza?"

"Hilo lipo kwenye fomu?"

"Hapana. Nimetaka tu kujua."

Sulevi akamtazama mkewe, akaona unga kwenye nyusi zake. "Chumvi ilizidi," akasema.

"Mungu wangu," akasema Tellervo kwa sauti, "atanimaliza huyu."

"Kuna mtu mwingine hapo?"

"Mke wangu. Ndiye mpishi."

Afisa akacheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi lakini kilikuwa kimeshatoka. Alipotulia, sauti yake ilibadilika, na Sulevi, aliyesikiliza mitambo maisha yake yote, aliyajua mabadiliko hayo. Ndipo walipofika kwenyewe.

"Bwana Hyttinen, hayo yote ni ya pembeni. Swali langu ni moja na jibu lake ndilo litakaloamua. Ninaona mtu mwenye paa la kuezeka, kuni za kupasua, jirani wa kusaidia. Siku zake zimejaa. Kuna wanaofikia umri wako wakaona basi, imetosha, posho ije na kazi isije. Siwalaumu. Lakini sheria inataka niulize: wewe kazi unaitaka kweli? Na nikiandika unaitaka, niandike kwa ushahidi gani?"

Nje kunguru alitua kwenye lundo la kuni, akaona hakuna kitu, akaondoka. Sulevi aliugeuza ukurasa mmoja wa kijitabu, akaurudisha.

"Kiwandani," akasema hatimaye, "mtu akiugua alfajiri, msimamizi alikuwa anapiga simu majumbani kutafuta wa kuziba pengo. Kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili. Ukichelewa kupokea, anampigia mwingine."

"Naam."

"Basi naamka saa kumi na moja. Nachemsha kahawa. Saa kumi na moja na nusu navaa buti, nakaa kwenye benchi la mlangoni, simu ipo mkononi. Nakaa mpaka saa mbili, maana siku hizi ofisi zinafunguliwa saa mbili, pengine wanapiga saa hiyo. Halafu navua buti."

"Kila siku?"

"Jumapili sikai. Jumapili msimamizi hakuwa anapiga."

"Bwana Hyttinen." Sauti ya afisa ilikuwa ndogo sasa. "Kiwanda kilishafungwa. Hakuna msimamizi."

"Najua. Nilikizima mimi."

Vidole vya afisa vikaanza kuandika, vikaandika kwa muda mrefu kuliko dakika ishirini za bati, au ndivyo alivyoona Tellervo, aliyekuwa amesimama na donge la unga mkononi asijue aliweke wapi.

"Nimeandika hivi," akasema Kaisu Ahvenainen. "Yuko tayari kwa kazi ya kutwa nzima. Bila masharti. Posho itafunguliwa, na ya nyuma italipwa yote. Msaragambo ni mila, wala si ajira, kwako na kwa wengine wowote waliokuwepo, ambao siwajui na sitaki kuwajua."

"Na supu?"

"Supu nimeiacha."

"Lile nusu pia?"

"Lile nusu pia. Kwaheri, Bwana Hyttinen. Kazi ikitokea nitakupigia." Kisha akaongeza: "Nitapiga asubuhi."

Sulevi akaandika kijitabuni saa simu ilipokatika. Alipoinua macho Tellervo alikuwa bado amesimama palepale. Yeye ni mtu wa usingizi mzito. Kumwamsha kabla ya saa mbili na nusu ni kutafuta ugomvi. Kila asubuhi alimkuta mumewe jikoni, kahawa imepoa nusu, na kila asubuhi alimwambia kwamba ana bahati, hana zamu siku hizi, anaweza kulala mpaka mchana.

"Miezi mitano?" akasema.

"Mitano na siku nne."

"Na mimi nikijua unasoma gazeti."

"Gazeti linakuja saa moja. Nalisoma nikiwa palepale."

"Mbona hukuniambia, mzee wangu?"

Sulevi akafikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiria lile bati. "Hukuniuliza," akasema. "Hata fomu haikuuliza."

Tellervo akalipiga lile donge la unga juu ya meza, akalikanda mpaka likawa gumu, na mkate ule ulipotoka jikoni haukulika bila kuchovya.

Alfajiri ya pili yake Sulevi aliamka saa kumi na moja akakuta kitanda kitupu upande wa pili na kahawa tayari imechemka. Tellervo alikuwa kwenye benchi la mlangoni, nywele timtim, koti juu ya nguo ya kulalia, amevaa buti za mpira. Alikuwa na hasira ya usingizi na macho hayajafunguka sawasawa.

"Sogea nikae," akasema Sulevi.

"Keti tu. Hapa pana nafasi ya wawili." Akampa kikombe. "Wakikupigia, uwaambie yupo na mwingine aliye tayari."

Wakakaa, simu katikati yao. Simu haikulia. Saa mbili kamili wakavua buti, wakaenda kupika uji.